Kiboko Haogelei

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliwafundisha watoto wa shule za msingi katika mkoa huu wa Singida kwamba kiboko ni mnyama anayeogelea. Niliiandika sentensi hiyo ubaoni kwa mwandiko wa mviringo niliofundishwa Chuo cha Ualimu Kinampanda mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watoto wakainakili katika madaftari yao. Hakuna mkaguzi aliyenisahihisha. Mtoto mmoja tu, mwana wa mvuvi wa Ziwa Kitangiri, alipoulizwa katika jaribio la Sayansi jinsi kiboko anavyosafiri majini, alijibu kwa neno moja: "Anatembea." Nikamwekea mkasi kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika, "Soma swali vizuri."

Waliokuja kunionyesha kwamba mtoto yule alikuwa sahihi ni mke na mume wa Kenya, Joan na Alan Root, na hawakunionyesha kwa maandishi bali kwa filamu. Nataka kuizungumza filamu hiyo hapa, pamoja na maisha ya hao walioitengeneza, kwa sababu nimeitazama mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote, na kwa sababu iko siku moja niliyoitazama pamoja na watu ambao hawakuipokea kama nilivyoipokea mimi.

Alan alizaliwa London mwaka 1937, akaletwa Kenya akiwa bado mtoto, akakulia huko akikamata nyoka na kulea ndege. Joan, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Joan Thorpe, alizaliwa Nairobi mwaka 1936, na baba yake alikuwa akiongoza misafara ya watalii wapiga picha. Walioana mwaka 1961. Kabla ya hapo Alan, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa amefanya kazi hapa kwetu Tanganyika na Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael, waliokuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia. Mwezi Januari 1959 ndege ile iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Alan ni mmoja wa waliobaki kuikamilisha kazi ya kamera, na filamu ile ilipata tuzo ya Oscar. Hapo ndipo mlango wa kazi ulipomfungukia. Baadaye alipiga picha kwa mfululizo wa *Survival* wa televisheni ya Anglia ya Uingereza, na kuanzia alipooa, kazi hiyo haikuwa yake peke yake.

Sitazihesabu filamu zao zote. Iliyo karibu na moyo wa mtu wa Singida ingekuwa ile ya mchwa na vichuguu, *Mysterious Castles of Clay* ya mwaka 1978, iliyoteuliwa kugombea Oscar, maana vichuguu sisi tunavyo vya kutosha hata kuwagawia jirani. Lakini mimi nazungumzia ya maji, *Mzima: Portrait of a Spring*.

Mzima ni chemchemi katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni majivu na mawe ya volkano, ikapenya chini na kusafiri ndani ya mwamba hadi kutokeza Mzima ikiwa imechujwa, zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Sehemu ya maji hayo huingia katika bomba na kwenda kunywewa Mombasa. Mengine hubaki katika madimbwi meupe kama kioo, katikati ya nchi kavu ya miiba inayofanana sana na ya kwetu. Katika madimbwi hayo wanaishi viboko na mamba, na kwa sababu ya weupe wa maji, hapo ndipo mahali adimu pa kumwona kiboko mzima, kuanzia pua hadi mkia, akiwa katika shughuli zake.

Msomaji asiyepata kushika kamera afahamu ugumu wa kazi yenyewe. Katika miaka ile ya 1960 na 1970 kamera ilikuwa ya filamu ya milimita 16. Mkanda wa futi 400 humalizika kwa dakika kumi na moja hivi, na ukimalizika chini ya maji huna la kufanya ila kupanda juu, kuifungua kamera kutoka katika kasha lake lisilopitisha maji, kuikausha mikono, kuweka mkanda mwingine na kushuka tena, na wakati huo kiboko aliyekuwa akifanya jambo la ajabu ameshaliacha. Mpiga mbizi hubeba hewa mgongoni katika mtungi, na kila apumuapo mapovu hupanda kwa kishindo. Tena maji hudanganya macho: kwa mtu aliyevaa miwani ya kupigia mbizi, kitu kilicho umbali wa mita nne huonekana kama kiko mita tatu. Kwa samaki, hilo ni jambo la kurekebisha lenzi. Kwa kiboko dume mwenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi, ni jambo la kuandika wosia kwanza.

Na sasa niseme kilichomo. Kiboko hana mwendo wa kuogelea. Mwili wake ni mzito kuliko maji, hivyo huzama, na akizama hutembea. Anapotaka kwenda haraka huruka kwa hatua ndefu za taratibu, mguu mmoja ukigusa sakafu ya dimbwi na kuisukuma, vumbi la tope likipanda nyuma yake. Mnyama ambaye nchi kavu ni gogo lenye miguu, kule chini hana uzito. Ndama hunyonya humo humo majini. Samaki wa jamii ya ningu humfuata, wakimlamba ngozi na kula kinachomtoka, kwa kuwa majani anayokula usiku huyaleta dimbwini mchana kama samadi, na samadi hiyo ndiyo hulisha wadudu, wadudu wakalisha samaki, samaki wakamlisha mamba na mnandi. Nilifundisha mtiririko wa chakula kwa mishale ubaoni miaka yote ile. Hapa niliona mishale ikitembea.

Ubora wa akina Root, kwa maoni yangu, ni kwamba walimfanya mahali kuwa mhusika mkuu. Filamu nyingi za wanyama za wakati ule zilikuwa hadithi za mzungu shujaa na bunduki au kamba, na mnyama akawa mpinzani wake. Hawa wakasema: tukae pale pale penye chemchemi, au mbuyu, au kichuguu, mpaka pajieleze penyewe. Ni njia ya mwalimu mzuri. Somo halikimbizwi, linangojewa.

Bei ya kungojea ilikuwa kubwa. Siku moja mwaka 1974, wakiwa wamezama Mzima, kiboko dume aliwashambulia. Jino lake lilipita katika kioo cha miwani ya Joan, likakosa uso wake kwa unene wa kidole. Kisha akamgeukia Alan, akamuuma mguu chini ya goti, akamtikisa kama mbwa anavyotikisa kitambaa. Alan alipelekwa hospitali Nairobi, na mguu ukapona. Wanaosimulia kisa hiki hukisimulia kama kisa cha Alan, na yeye mwenyewe alikuwa msimulizi hodari mwenye mizaha. Aliumwa na chui, aliumwa na sokwe mtu mkubwa wa milimani, na kifutu kilimpotezea kidole. Lakini mimi, kila nisikiapo kisa cha Mzima, humfikiria yule aliyeliona jino la kiboko kutoka ndani ya miwani yake. Joan alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyepanga safari, vyakula, mafuta, mitungi, dawa, mahema, aliyelea ndama na vifaranga yatima, na aliyekuwa tayari pale ambapo kamera ya pili ilihitajika. Kila aliyewahi kuongoza shule anajua kwamba yuko mtu wa namna hiyo nyuma ya kila mwalimu mkuu anayesifiwa siku ya wazazi. Kwangu alikuwa mwalimu msaidizi mmoja, na siku ya kustaafu kwangu sikumtaja vya kutosha.

Sasa nifike kwenye siku niliyoisema. Wakati filamu hii inatazamwa majumbani Uingereza na Marekani, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Sisi tuliipata mwaka 1994. Hivyo chemchemi iliyo jirani na Kilimanjaro yetu ilijulikana London robo karne kabla ya kujulikana Iramba. Mimi niliiona mwaka 1998, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Kitangiri, pale mpwa wangu aliyekuwa dereva wa watalii Arusha aliponiletea kanda ya video. Mfanyabiashara mmoja akaniazima televisheni, mashine ya video na jenereta, nami nikawaalika wanafunzi wa madarasa ya juu, walimu, na mtu yeyote wa kijiji aliyetaka kuja. Walikuja wote. Nilisimama kando ya televisheni nikatafsiri maneno ya msimulizi kwa sauti ya kushindana na jenereta.

Kitangiri si Mzima. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, yanatoka kwenye mbuga ya Wembere na kwenda zake kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Humwoni kiboko chini yake hata ukitumbukiza kichwa. Kwa hiyo picha ya kwanza ya kiboko akitembea sakafuni ilipotokea, watoto walipiga kelele kwa furaha, na mimi nikaona aibu yangu mbele ya shule nzima, ingawa hakuna aliyeijua. Mzee mmoja mvuvi aliyekaa mbele kwenye dawati la mtoto alitikisa kichwa tu. "Ndivyo, Mwalimu," aliniambia. "Sisi hufuata tope lake. Ukiona mstari wa tope unakuja kwenye mtumbwi, unapiga kasia upande mwingine." Hakuona ajabu yoyote. Ujuzi ambao akina Root waliuhatarishia maisha, yeye alikuwa nao kutoka juu, kwa kusoma alama za maji, na mwanawe ndiye yule niliyemwekea mkasi.

Lakini alikuwepo pia mwalimu mmoja kijana, wa Daraja la Tatu A, mzaliwa wa kijiji hicho hicho. Mwaka 1986, akiwa mtoto mdogo, kaka yake wa Darasa la Tano alitoka alfajiri na mjomba wao kuitazama mitego. Kiboko aliupindua mtumbwi. Mjomba alifika ufukweni. Mimi ndiye niliyempeleka mama yao hadi pale walipomlaza mtoto, na sitaeleza nilichokiona. Nilipoandaa onyesho lile sikumkumbuka binti yule. Nalikiri hilo. Nilikuwa na furaha ya mashine.

Filamu ilipokwisha na makofi yakatulia, alinijia kwa heshima, akaniita kando. "Mwalimu Mkuu," akasema, "ya usiku iko wapi?" Nikadhani anauliza kama kuna kanda ya pili. Akasema: "Hii ni ya mchana, akiwa amelala na samaki wanamsafisha. Akitoka usiku kwenda shambani, hiyo sijaiona."

Nimezisoma tahakiki kadhaa za filamu za wanyama, na sijakutana na iliyogusa kiini kuliko swali lile. Filamu ya chini ya maji ina uzuri wake kwa sababu inakata. Inamkata kiboko katikati ya siku yake na kutuonyesha nusu ambayo hatujawahi kuiona. Nusu hiyo ni ya kweli. Lakini mtiririko ule wa samadi niliousifia hauanzii dimbwini. Unaanzia kwenye nyasi, kilo arobaini hivi kwa kila kiboko kwa usiku mmoja, na pale Kitangiri nyasi na mpunga ni majirani. Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1948, na Waata, Wakamba na Wataita waliokuwa wakiwinda na kuchunga humo wakapoteza haki hiyo. Kwa hiyo kamera ilipofika Mzima, nusu ya pili ya hadithi ilikwisha kuondolewa na watu wengine, kwa amri. Akina Root hawakuidanganya chemchemi. Waliikuta imefagiliwa.

Wapo watakaosema kwamba namdai mpiga picha kisichokuwa kazi yake. Mtu aliyeamua kuchora uso asilaumiwe kwa kutochora miguu. Nakubali kwa kiasi. Lakini filamu hizi hazikubaki kuwa uso. Zikawa ndizo macho ambayo kwayo watu wa mbali, wenye fedha na sauti, waliamua nini kifanyike kwenye ardhi yetu. Aliyezoea kumtazama kiboko kutoka chini ya maji meupe atashangaa kwa nini mama wa Kitangiri anataka askari wa wanyamapori aje na bunduki. Na mimi nisiyelima kando ya ziwa, niliyemtazama kiboko ubaoni tu, nilikuwa karibu zaidi na huyo wa mbali kuliko na mama yule.

Mwaka 2001 ilitoka filamu nyingine ya chemchemi hiyo hiyo, *Mzima: Haunt of the River Horse*, ya mke na mume Waingereza, Mark Deeble na Victoria Stone, ambao kabla ya hapo walikuwa wamewapiga picha samaki wa Ziwa Tanganyika. Mjukuu wangu aliniletea katika kompyuta yake. Kwa ufundi imewazidi waliotangulia. Wanaonyesha jinsi kiboko anavyojilaza, akapanua kinywa na kunyoosha vidole vya miguu ili samaki wamsafishe, kama mteja kwenye kiti cha kinyozi. Mwanga ni bora, wamekaribia zaidi, wamengoja zaidi. Hata hivyo narudi kwenye ile ya zamani. Ndani yake kuna mtetemeko wa mtu asiyejua atakachokikuta, na picha chache zinazotikisika zina uzito ambao usafi wa baadaye hauna. Huenda ni macho yangu tu, yaliyozoea taa ya kandili.

Ndoa ya Joan na Alan ilivunjika. Alan aliendelea, akaandika kumbukumbu za maisha yake, akafariki Kenya mwezi Agosti 2017. Joan alibaki kando ya Ziwa Naivasha, katika nyumba waliyoishi pamoja, miongoni mwa viboko wa ziwa hilo waliokuwa wakipanda kula nyasi karibu na baraza yake. Yaani yeye, baada ya kamera kuzimwa, aliishi na ile nusu ya usiku.

Naivasha ilikuwa imebadilika. Mashamba ya maua yalileta maelfu ya watu wa kutafuta kazi, na wasiopata kazi walikwenda ziwani na nyavu za matundu madogo. Samaki wakapungua. Joan alitumia fedha zake kulipa kikosi cha kulinda mazalio ya samaki, na akawachukua humo watu ambao wenyewe walikuwa wavuvi haramu. Wako waliomsifu. Wako waliosema kwamba mwanamke mwenye ekari nyingi hawezi kumwambia mwenye njaa asivue, nami siwezi kulipuuza neno hilo, kwa kuwa nimekaa na wavuvi. Usiku wa tarehe 13 Januari 2006 watu wenye bunduki walifika nyumbani kwake na kumpiga risasi kupitia dirishani. Zilikuwa zimebaki siku tano atimize miaka sabini. Waliofikishwa mahakamani waliachiwa.

Niliposikia habari hiyo redioni nilitoka nje nikakaa chini ya mti mpaka mke wangu akaja kuniuliza nani amefariki. Nikamwambia, mwanamke mmoja wa Kenya. Akaniuliza tunafahamiana vipi. Sikuwa na jibu la kueleweka. Nilimwona labda kwa dakika mbili maishani mwangu, akiwa chini ya maji, uso umefunikwa na miwani.

Mwalimu kijana yule sasa ni mwalimu mkuu mahali pengine mkoani. Miaka michache iliyopita alinipigia simu kuniomba ile kanda awaonyeshe wanafunzi wake. Nilistaajabu, nikamuuliza kama amesahau alichoniambia. Akasema hajasahau. Atawaonyesha mchana, halafu jioni atawaita wazee wawili wa Kitangiri waje kusimulia. Nilimwambia kanda imeota ukungu, atafute kwa vijana kwenye kompyuta.

Mwana wa mvuvi naye nilimkuta sokoni Singida mjini, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, anauza perege na kambale wakavu. Nikamkumbusha jaribio la Sayansi, nikamwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Aliniangalia kwa muda. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Hakulikumbuka jaribio lenyewe. Alichokikumbuka ni kwamba niliwahi kumpa daftari jipya lile la zamani liliporowa maji.